Kengele Mbili kwenye Boriti Moja

*Ukurasa wa kwanza, niliuacha wazi. Naujaza leo, Jumatatu, 20 Mei.*

Wote wanaisimulia vibaya. Wa sokoni Tengeru wanasema kengele mpya ililia yenyewe mara saba, hakuna aliyegusa kamba, na Eliasi akaanguka huku anatabasamu. Wa Kijenge, anakofundisha mjukuu wangu, wamesikia kuna malaika alionekana mnarani. Juzi mama mmoja wa Elerai, mtu ambaye hajawahi kukanyaga huku mlimani, kanisimulia mimi, mimi Elifuraha niliyeitundika ile kengele kwa mikono yangu, jinsi ilivyotundikwa. Nikamwacha amalize. Hata idadi ya kengele alikosea.

Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye fundi niliyefunga mashine za kumenyea kahawa kuanzia Nkoaranga mpaka Usa River, na hakuna hata moja iliyowahi kurudi kunishtaki. Shule sikwenda. Kuandika nilifundishwa kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari na mke na ng'ombe wawili, benchi moja na Eliasi, na yeye alikuwa akinakili kwangu. Yeye alikuwa akisema mimi ndiye nilikuwa nanakili kwake. Sasa hayupo wa kunibishia, na kushinda hivi hakuna raha.

Daftari hili kanipa mjukuu wangu Nice, niandike masika yote, mvua na kahawa. Kila kitu nimekiandika siku yake. Anayetaka kujua asome humu, asiulize sokoni.

*Ijumaa, 1 Machi*

Mawingu yamekaa juu ya Meru kama wageni wasiotaka chai wala kuondoka. Mvua bado.

Leo nimeangusha mgrevilea mkubwa wa kwenye kahawa yangu, itoke boriti ya mnara wa kanisa letu dogo. Kengele mpya imeshafika, zawadi ya marafiki wa Ujerumani. Mwinjilisti Solomoni alitaka tutafute mti mgumu, loliondo. Nikamwambia, "Mwinjilisti, loliondo haina mwenyewe. Hii ni ya Elifuraha. Nitachonga jina pale juu, wajukuu wasome."

Eliasi alikuwa amekaa juu ya gogo. Huyu ndiye mpiga kengele wetu, mwaka wa thelathini na nane sasa, na tulipata kipaimara siku moja. Kasema, "Jina litaenea. Mdomo wako ndio utadondoka nje ya mnara."

*Jumamosi, 9 Machi*

Nimetundika! Watu kumi na wawili walivuta kamba, lakini aliyetumia akili ni mmoja. Kengele ya zamani nimeihamishia upande wa kushoto, mpya iko kulia, zote kwenye boriti yangu moja. Wajerumani wameitengeneza ilingane na ile ya zamani kwa uzito na kwa kimo. Ukizitazama ni mapacha.

Eliasi kauliza, "Boriti moja itatosha?"

"Itatosha kuwatundika na Wajerumani wenyewe."

*Jumapili, 10 Machi*

Ajabu ya leo. Eliasi kavuta ya zamani peke yake, kama kawaida ya ibada ya kwanza. Kaanza vizuri. Baadaye kidogo kamba ikawa nzito, kengele ikafifia, ikakaribia kusimama kabisa, na ile mpya, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kubembea. Mwisho ikalia yenyewe.  Mama mmoja akaanzisha pambio.

Eliasi alinifuata nje, jasho linamtoka. "Elifuraha, kuna mtu kule juu ananiibia nguvu."

"Nguvu gani? Umezeeka, kunywa uji."

Nilicheka sana. 

*11 Machi.* Mvua.

*12 Machi.* Mvua. Ng'ombe kagoma kutoka nje.

*Jumamosi, 16 Machi*

Nice kaja kutoka mjini na mvua, viatu mkononi. Anafundisha fizikia sekondari.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwalimu wa vitu vinavyoanguka. Leo kimeanguka nini?"

Nikamsimulia habari ya kengele, nikitegemea atashangaa. Hakushangaa. Kaomba uzi na chupa mbili za maji. Kafunga kamba barazani, nguzo hadi nguzo, akaziachia chupa zining'inie hapo, kila moja na uzi wake, urefu mmoja. Akasukuma moja tu.

Ikabembea. Nyingine imelala. Halafu iliyolala ikaamka kidogo kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake, ikabembea zaidi na zaidi, na ile ya kwanza ikazidi kuchoka mpaka ikasimama kabisa. Kisha mambo yakageuka. Ya kwanza ikaamka tena, ya pili ikalala. Wakawa wanapokezana hivyo, hakuna mkono wa mtu.

"Hakuna anayeiba, Babu," Nice kasema. "Nguvu inapita kwenye kamba ya juu. Inahama kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu, na inahama yote kwa sababu mwendo wao ni mmoja. Boriti yako inanepa kidogo. Inatosha."

Kisha akafupisha uzi wa chupa moja nusu. Akasukuma. Ya pili ikatikisika tu kidogo, ikamwacha mwenzake aendelee na safari yake.

"Basi zitofautishe," kasema. "Au kila kengele iwe na boriti yake, mti mgumu. Na mtu asipande kule juu moja ikivutwa, hata kama anaona ya pili imelala."

Sasa mimi nilivyo, siwezi kufundishwa na mtoto niliyemfuta kamasi halafu nikanyamaza. Nikachukua ndoo ya maziwa, imejaa, nikaizungusha juu ya kichwa changu mara tano. Haikumwagika hata tone. "Hii nimefundishwa na chuo gani?" nikamuuliza.

Akapiga makofi, anacheka. "Hongera, Babu. Unajua kwa nini hayamwagiki? Kila tone linataka kwenda zake moja kwa moja. Ndoo ndiyo inalikatalia, inalirudisha ndani kila mara."

"Halimwagiki kwa sababu linaniogopa."

"Na kengele?"

"Kengele yangu haishushwi na chupa za maji."

Akaondoka saa tisa kuwahi mvua. Alipopotea kwenye migomba nikarudi barazani, nikasukuma chupa. Nimesukuma mara ishirini. Mara zote ishirini zimefanya vilevile.

*Jumatano, 20 Machi*

Nimemwambia Eliasi kuhusu zile chupa kama kichekesho. Kacheka. Ila la mwisho alilosema Nice, la mtu asipande, sikumfikishia. Lingeharibu kichekesho.

*Jumapili, 31 Machi. Pasaka.*

Zimevutwa zote mbili pamoja, mimi na Eliasi. Zikivutwa pamoja zinakwenda kama ng'ombe wa plau. Mwinjilisti kanisifu madhabahuni. Nimeamua Nice alikosea.

*4 Aprili.* Mvua.

*5 Aprili.* Mvua. Njia ya kwenda kisimani imekatika.

*6 Aprili.* Mvua. Eliasi kaja kujikinga, kakaa mpaka jioni, kala ugali wangu wote, kasema haujaiva.

*Jumapili, 14 Aprili*

Kuna beringi moja mnarani inalia kama panya. Eliasi anasema ni ya kengele mpya, yaani kazi yangu. Nimemwambia ni ya zamani, yaani kazi yake. Tumebishana tangu kanisani hadi kwake, na mkewe, shemeji yangu Ndeshi, katutilia chai bila sukari wote wawili. Anasema wazee wanaogombania panya hawastahili sukari.

*Jumamosi, 27 Aprili*

Nitaandika leo hii, maana kesho watakuwa wameshaanza kutunga.

Kesho mkuu wa jimbo alikuwa aje kuiweka wakfu kengele mpya. Kina mama walikuwa wanafagia kanisa. Eliasi alitaka ule mlio wa panya uishe kabla mgeni hajausikia. Kapanda ngazi na kopo la grisi. Pale juu ni kimo cha watu wanne, na kuna ubao mmoja tu wa kukanyaga, unapita katikati ya kengele mbili.

Kaniita kutoka juu. "Elifuraha! Vuta ya zamani, taratibu, nisikilize kama ni yenyewe. Hii mpya imelala."

Ilikuwa imelala kweli. Akaipa mgongo, akainamisha sikio kwenye beringi ya ile ya zamani.

Nikavuta. Kamba ilikuwa nyepesi. Kumi, ishirini, nilikuwa nahesabu. Halafu ikaanza kuwa nzito. Hapo nilijua. Chupa zilishanifundisha barazani kwangu mara ishirini. Kamba ikiwa nzito mkononi mwangu, nguvu yangu imeshahamia kule kwa mwenzake, na mwenzake alikuwa nyuma ya mgongo wa Eliasi.

Nikaita, "Eliasi, shuka!" Nikaita mara tatu. Mara ya tatu akajibu, "Tulia wewe, fundi wa mdomo."

Kisha kengele mpya ikalia mara moja, sauti iliyozibwa, kama imepigwa ndani ya blanketi. Ilikuwa imempiga yeye.

Kaangukia upande wa migomba, kwenye matope. Hakulia. Macho yalikuwa wazi, mvua inaingia, hafumbi. Nikamfunika uso kwa kofia yangu, halafu nikaogopa jinsi ilivyoonekana, nikaiondoa. Tumembeba kwenye mlango wa stoo mpaka barabarani kwenye gari, na mtelemko wote ule nilikuwa upande wa kichwa, nikimwambia ajitahidi, nikimwambia ni mzito kama dhambi zake. Kiatu chake kimoja kimebaki kule juu kwenye ubao.

Kengele zote mbili ziliendelea kupokezana zenyewe, watu wamezitolea macho. Kina mama wakapiga magoti. Hapo ndipo uongo wote utakapoanzia.

*28 Aprili.* Wakfu umeahirishwa. Mvua.

*29 Aprili.* Mvua.

*Alhamisi, 2 Mei*

Nimefika hospitalini. Uti wa mgongo umeumia, na ndani kuna damu. Miguu haihisi. Ndeshi alikuwa kando ya kitanda na chupa ya mtori ambao haujaguswa.

"Shikamoo, shemeji," kasema, ingawa tunalingana. Anaposema hivyo ujue amechoka.

"Marahaba. Anaendeleaje?"

"Ndiyo huyo. Shemeji, nieleze wewe. Kila anayekuja ana yake. Ilikuwaje?"

Nikamweleza kama nilivyoandika. Kamba, uzito, nilivyomwita mara tatu. Nilipofika hapo Eliasi akafumbua macho. Kanitazama muda mrefu sana. Nikadhani hanitambui.

Akasema, sauti ya chini, "Ni kweli, mama. Aliniita." Akapumzika. "Lakini huyu, tangu lini kuna mtu anamsikiliza?"

Ndeshi akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi, mpaka akafuta machozi kwa kanga. Mimi pia nilicheka. Nilitoka nje kabla sijamaliza.

*5 Mei.* Mvua. Sikwenda.

*7 Mei.* Nimekwenda. Amelala muda wote. Nimemsimulia kisa cha yule nyani wa Momela aliyeniibia suruali, hata sehemu anazosema ni za uongo. Hakubisha.

*Jumamosi, 11 Mei*

Eliasi amefariki asubuhi.

*Jumanne, 14 Mei*

Tumemzika kwenye migomba yake, mvua imekatika saa ileile. Mwinjilisti kahubiri kwamba kengele ilimwita mtumishi wake, miaka thelathini na nane aliita wengine, zamu yake ikafika. Watu wakaitikia amina. Baadaye wamenishika mkono mmoja mmoja, kana kwamba Mungu alichagua mti wangu kwa heshima. Jina langu liko pale juu, limechongwa, linasomeka. Sikusema kitu. Sijawahi kukaa hivyo kwenye mkusanyiko wa watu tangu nizaliwe.

Wamemteua mpiga kengele mpya. Ni Aikaeli, binti yao Eliasi na Ndeshi. Ataanza baada ya arobaini.

*Jumatano, 22 Mei*

Nimeandika ukurasa wa kwanza juzi kwa hasira. Leo hasira imenigeukia. Nawatukana watu kwa kusema kengele ililia yenyewe, na ni mimi niliyewaachia waseme. Kengele ikiwa na miujiza, boriti haina kosa. Na Aikaeli atapanda ngazi ileile na kopo lilelile la grisi.

*Jumamosi, 25 Mei*

Nimeingia kikao cha wazee wa kanisa na kamba, uzi na chupa mbili. Wakadhani nimeleta maji ya kunywa.

Nikafunga kamba kati ya viti viwili, wazee wazito wamekalia ili visihame. Nikasukuma chupa moja. Wakatazama. Ya pili ilipoamka, mzee mmoja akasema, "Umepuliza." Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikasukuma tena. Ikaamka tena. 

"Hakuna aliyeitwa," nikasema. "Ni boriti. Mti laini, kengele mbili sawa, fundi mmoja jeuri. Nice aliniambia tangu mwezi wa tatu. Nilizungusha ndoo ya maziwa badala ya kumsikiliza."

Mwinjilisti Solomoni kauliza polepole, "Sasa mimi niliyehubiri nitawaambia nini watu?"

"Waambie Elifuraha alikosea. Watakuamini haraka."

Wamekubali kengele mpya ishushwe, itafutiwe loliondo na mnara wake. Nimeishusha mwenyewe na watu walewale kumi na wawili. Hapakuwa na utani. Kiatu nilikikuta kwenye ubao, kimejaa maji. Nimekikausha jikoni.

*Jumapili, 26 Mei*

Nimempelekea Ndeshi kiatu. Akakipokea kwa mikono miwili. Nikamweleza yote, boriti, chupa, onyo ambalo sikulifikisha kwa mumewe kwa sababu lingeharibu kichekesho. Nilikuwa tayari anifukuze. Nilikuwa nimeegesha fimbo mlangoni kabisa, niwahi kutoka.

Akakiweka kiatu mapajani. Kisha kasema, "Nice anasema uliandika."

"Niliandika."

"Miwani yangu imevunjika. Nisomee siku ile."

Nikasoma. Nilipofika kwenye kuita, akanyanyua mkono. "Rudia hapo."

Nikarudia. "Eliasi, shuka. Mara tatu."

"Tena."

Nikasoma tena. Akawa anatikisa kichwa polepole, kiatu kiko mapajani.

"Shemeji, ya boriti utajibu mwenyewe kwa Mungu, mimi siyajui mambo ya miti. Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni kingine. Nilikuwa nawaza alikufa kama mtu aliyesahaulika, yuko juu, wenzake wako chini, hakuna anayemuwaza. Sasa najua kuna mtu aliita jina lake. Hilo linanitosha." Akanitilia chai, sukari vijiko vitatu. "Jumapili ijayo uje tena na hilo daftari. Aikaeli naye asikie."

Chai sikuimaliza.

*28 Mei.* Mvua inaisha. Kahawa imeshika vizuri mwaka huu.

*30 Mei.* Jua.

*Jumamosi, 1 Juni*

Kuna kitu kimoja humu nimekitunga.

Sikuita.

Kina mama walikuwa wameacha kufagia, wamesimama na mifagio yao mlangoni, na mimi nilikuwa nawasimulia jinsi nilivyofunga mashine ya kahawa kwa mkono mmoja, mwingine umeteguka, mzungu amesimama haamini. Kisa kirefu, kina sauti za watu watatu, na zote nazitoa mimi. Nilikuwa navuta kamba huku nasimulia. Ilipoanza kuwa nzito nilijua, hilo ni kweli, nilijua saa ileile. Lakini mmoja wao kasema, "Babu, kamba imekushinda!" Wakacheka. Sikutaka kushindwa na kamba mbele ya watu, na mzungu nilikuwa sijamfikisha mwisho. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Nguvu zote zile zilimwendea yeye.

Na yeye hakusema nitulie. Hakusema kitu. Alikuwa anasikiliza beringi, kama alivyoniambia.

Kina mama wale sasa wanaapa walinisikia nikiita. Mmoja anasema mara saba.

Kesho Ndeshi ananingoja, na Aikaeli. Ule ukurasa sijauchana wala sijaufuta. Nimeandika huu baada yake, kwa herufi kubwa, nisije nikasingizia macho nikiwasomea.

Ila ya hospitalini sikuyatunga, hata neno moja. Alifumbua macho, alinisikia ninachomwambia mkewe, akanitazama muda mrefu sana. Halafu akasema nilimwita.